Kunywa, Kunywea

Siku kumi na nne, daktari akasema, usitafune kitu.
Ini lako limenona, limelala juu ya tumbo
kama paka juu ya gunia. Linywee kwanza,
ndipo kisu changu kipate njia.
Nikateremka kilima nikilirudia neno:
kunywa ili kunywea.
Kumbe Kiswahili kilishajua.

Mimi ndiye mpishi, pale Kirumba, jirani na Mwaloni.
Sato arobaini kila asubuhi,
ugali wa kusongwa kwa mikono miwili.
Sasa nani ataonja?
Nikamkabidhi Holo, mtoto wa kaka,
kijiko pamoja na cheo cha ulimi.
Siku ya pili wachukuzi wakanigeukia:
Mama, leo ziwa limekuwa bahari?

Siku ya nne ndiyo mbaya.
Kichwa kinagonga, mafuta yanachacharika,
nami nina kikombe cha maziwa ya unga
yenye ladha ya dukani.
Nikamtazama kijana mmoja akichokoa shavu la sato,
ile nyama ndogo nyuma ya jicho
ambayo wengi huitupa na mifupa.
Nikamchukia.
Nikamwongezea ugali.

Siku ya tisa, kipaimara cha mwana wa wifi Minza, Nyegezi.
Nilibeba chupa ya chai, ndani mchuzi wa kichwa cha samaki,
nimeuchuja kwa khanga mara mbili
hadi ukawa maji yenye kumbukumbu.
Wifi akauliza, chakula changu kina nini?
Nimefunga, nikasema.
Funga gani, na Pasaka imeshapita?
Pilau ikazunguka meza kwa meza. Nilikula harufu.

Usiku Masalu alikwenda kulia michembe nyuma ya nyumba,
juu ya jiwe, gizani, nisimsikie.
Nilimsikia.
Michembe haijui kunong'ona.

Baada ya kisu
wakanipa kifuniko cha dawa ya kikohozi.
Nesi Nyabuso akapima maji humo:
onja, subiri, onja. Kifuniko kimoja, robo saa.
Tumbo lako sasa ni ndizi moja, akasema,
mkungu tumeubakiza huku.
Haba na haba hujaza kibaba:
miaka yote nilidhani ni maneno ya akiba ya pesa.
Kibaba ndicho mimi.

Na dirishani, ziwa zima.
Ziwa zima, limetulia, halina haraka na mtu,
nami na kiu yangu tunatazama saa ya ukutani.
Mara moja niliiba funda kubwa.
Lilikaa kifuani kama moja ya mawe ya mji huu,
yale yaliyopandana bila udongo,
kisha likarudi lilikotoka, na machozi juu yake.

Wateja wananikagua. Wengine hushusha sauti:
Mama, umepungua, kuna nini?
Sijapungua, nawaambia. Nimepunguzwa.
Siwaelezi kuhusu magoti,
wala ngazi za mawe kwenda kwa binti yangu, Mabatini,
ambazo kwa miaka miwili nilizitazama kutoka chini
huku mjukuu akinipungia mkono kutoka juu
kama mtu aliye kwenye meli.

Usiku njaa haiji tena tumboni.
Inakuja mikononi. Mikono inataka kumega,
inataka kufinyanga tonge, kulitoboa kwa dole gumba.
Naipa kazi: naosha sufuria safi.

Wiki ya tano waliniruhusu.
Holo akaniletea shavu la sato kwenye kisahani,
moja tu, amelipondaponda, amesimama ananisubiri.
Nikatafuna hadi likawa maji,
meno yangu yameshasahau pa kukomea.
Nusu ikanishinda.
Nilikaa nayo muda mrefu, ile nusu,
mwanamke aliyelisha mwalo mzima
ameshindwa na shavu la samaki.
Nitupe, shangazi?
Acha kwanza, nikamwambia.

Na chumvi, Holo.
Chumvi imezidi.